GMO: Tuache habari ya sumu, tuulize mbegu ni ya nani

Wakuu, mada ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara, ikianzishwa tu watu wanagawanyika: huyu anasema ni sumu, yule anasema wanaopinga hawajasoma. Mimi la sumu siliwekei uzito. Mwaka 2016 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani lilipitia tafiti zaidi ya 900, halikuona ushahidi kwamba mazao hayo yanamdhuru mlaji kuliko ya kawaida. Mwenye hoja ya afya alete data.

Kinachonisumbua ni umiliki. Hawaii, miaka ya 1990, kirusi kilikuwa kinamaliza mipapai. Watafiti wa vyuo vikuu wakachukua kipande cha jeni ya kirusi kilekile, wakakipachika kwenye mpapai, ukapata kinga. Mwaka 1998 wakulima wakagawiwa mbegu bure. Sioni dhambi hapo.

Sasa mtazameni Bowman, mkulima wa soya wa Indiana. Alinunua ghalani soya za kuuzwa kama nafaka tu, akazipanda, akapulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Zilizopona ndizo zenye jeni ya kustahimili dawa hiyo, mali ya kampuni ya Monsanto, akawa anatunza mbegu zake msimu hadi msimu. Mwaka 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema amevunja hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichobuni. Yaani soya imeota shambani kwako, imezaa shambani kwako, na punje zake bado zina mwenyewe!

Mchangiaji: Mkuu, mbegu chotara, zile za kuzalisha aina mbili pamoja, nazo ukirudia kupanda ulichovuna mavuno yanaporomoka, unarudi dukani vilevile, na hakuna anayeandamana. Halafu Bowman alijua anachokifanya, ile dawa ilikuwa chekeche lake. Mbona huulizi kuhusu wanaozuia GMO? Mchele wa dhahabu, ambao nao ni GMO, wenye beta-karotini ya kupambana na upungufu wa vitamini A unaopofusha watoto, ulitangazwa mwaka 2000. Ufilipino iliruhusu ulimwe 2021, mahakama ya rufaa ikausimamisha 2024. Mtoto aliyepofuka katikati hapo alalamikie nani?

Mleta mada: Chotara ikirudiwa inakupa mavuno mabovu, haikupeleki mahakamani. Kwenye mchele niko nawe, na angalieni kilichofanyika: wenye hataza walikubali mkulima anayepata chini ya dola 10,000 kwa mwaka aulime na kutunza mbegu bila kulipa. Kumbe inawezekana. Basi anayetetea hataza ya mbegu aniambie: iishie kizazi cha ngapi cha mmea?