Mjadala: Mwenye kuunda ndege nyumbani aachiwe kujipangia mwendo wa mwisho na matairi?

Fundi wa Mwera

Assalaam alaykum nyote. Ninaunda ndege ndogo ya viti viwili katika banda la nyumbani, kwa michoro ya CH 701 ya Chris Heintz. Mbawa na mkia vimeshapigwa ribiti, injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 100 imeshafika, na sasa nimekwama kwenye mambo mawili ambayo jamaa mmoja mwenye uzoefu wa ndege ameniambia si ruhusa yangu kuyagusa.

La kwanza ni mwendo usiopitwa, ambao mbunifu ameuweka kuwa maili 110 kwa saa. Ndege hizi zimeruka miaka mingi kwa injini za farasi 65, na mimi nina nguvu inayozidi hiyo kwa nusu nzima, kwa hiyo sioni kosa la kuusogeza mstari mwekundu wa kipima mwendo hadi 120. La pili ni matairi. Nataka mapana ya kipenyo cha inchi 26, yanayotiwa upepo kidogo, kwa sababu nimekusudia kushuka kwenye viwanja vya udongo na changarawe, si kwenye lami ya Kisauni na ya Chake Chake peke yake. Swali langu ni hili: mtu anayeunda kwa mikono yake na kwa fedha yake, na ambaye ndiye atakayekaa kwenye usukani, kwa nini asiachiwe aamue?

Binti Mkunazini

Wa alaykumu salaam ami Fundi, na hongera kwa ulipofikia, kwani wengi huishia kwenye michoro.

Injini haina neno katika mwendo usiopitwa. Ukiiinamisha pua ya ndege utaupita huo 110 hata kama injini imezimika, ndiyo maana mbunifu anapoweka kikomo hicho hahesabu nguvu za farasi. Anahesabu bawa litastahamili nini, mkia utastahamili nini, na ni katika mwendo gani vibawa vya nyuma ya bawa vitaanza kupapatika. Kwa desturi ndege huhesabiwa kwa mwendo wa kupiga mbizi ulio juu zaidi, kisha mstari mwekundu huwekwa kwenye sehemu tisa kwa kumi za mwendo huo. Kwa ndege yako hesabu hiyo inaupeleka mwendo wa mbizi kwenye 122 hivi. Nafasi iliyobaki baina ya 110 na 122 imewekwa kwa ajili ya kipima mwendo kinachosoma pungufu, upepo wa ghafla na rubani aliyeshituka, nawe ukihamia 120 umeshaimaliza kabla hujatoka ardhini.

Mpapatiko hauji kwa hodi. Bawa hupinda na kujisokota kwa pamoja, kila msokoto ukaulisha mpindo unaofuata, na nguvu yote inatoka kwenye upepo wenyewe, mpaka bawaba zikatike. Huenda zikapita sekunde chache tu. Hata rangi utakayopaka nyuma ya bawaba inaongeza uzito upande usiotakiwa, kwa hiyo vibawa husawazishwa upya baada ya kupakwa rangi.

Kuhusu matairi sitasema mengi, ila nakuomba usifuate mtindo wa baadhi ya mafundi wetu wa visiwani, wanaofunga tairi la toroli na kuliita tairi la ndege.

Mpemba wa Wete

Bi Mkunazini, maelezo yako ya mwendo nimeyasoma na sina la kuyaongezea. Lakini hayo maneno ya mwisho, "mafundi wetu wa visiwani", yamenichoma na siwezi kuyanyamazia, kwa sababu mimi ni fundi na nimezaliwa kisiwani.

Ndege nyepesi za kiti kimoja zimeruka ulimwenguni kwa miaka mingi juu ya magurudumu ya aina hiyo hiyo unayoidharau. Sheria ya Marekani inaiacha ndege nyepesi kabisa, yenye injini na isiyozidi paundi 254 ikiwa tupu, iruke bila ya cheti, na haiulizi tairi lake limenunuliwa duka gani. Tairi halijui jina lake, linajua uzito lililobebeshwa, upepo uliotiwa na mwendo linaoviringishwa. Fundi ambaye hana duka la vipuri vya ndege karibu naye, akachagua kwa kupima na kuandika alichopima, si mzembe, na ningependa ulikiri hilo kabla ya kuendelea.

Binti Mkunazini

Bwana Wete, sikumtaja mtu, na fundi anayepima simdharau. Sasa na tupime.

Tairi la toroli la kipenyo cha inchi 14, likisukumwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, maili 3 kwa saa, linazunguka mara 70 na ushei kwa dakika. Tairi hilo hilo likigusa ardhi kwa maili 40 kwa saa linatoka kusimama kabisa hadi mizunguko 960 kwa dakika, na linafika huko kwa mguso mmoja, huku limebeba sehemu yake ya ndege inayofikia kilo 500. Tairi la ndege limeundwa libonyee kiasi cha theluthi ya urefu wa ubavu wake kisha lirudi, na ubavuni limeandikwa ukubwa, kiwango cha tabaka na mzigo. Umesema tairi halijui jina lake. Basi nionyeshe kwenye tairi la toroli pahala palipoandikwa kuwa limejaribiwa kwa mizunguko 960.

Kijana wa Kiembesamaki

Naomba turudi kwenye swali la ami Fundi, kwani naliona kubwa kuliko tunavyolichukulia. Marekani, mtu aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi ya kuunda ndege ndiye anayeandikwa kuwa mtengenezaji wake, si yule aliyemuuzia michoro. Hupangiwa eneo la kurukia na saa za majaribio, kwa kawaida 40, au 25 pale injini na rafadha vinapokuwa na idhini ya kutumika pamoja, na ni yeye anayethibitisha kwa kuruka kwamba ndege yake iko salama katika mwendo wote aliouandika. Kwa maana hiyo mwenye kuunda anaruhusiwa kupanga, ila analazimishwa kuthibitisha. Kwetu sisi usafiri wa anga ni jambo la Muungano, liko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndege yoyote itakayoandikishwa itabeba herufi za 5H. Tunachopaswa kujadili ni iwapo tunataka haki na wajibu vipewe fundi kwa pamoja, au tunataka karatasi ya mbunifu iwe mwisho wa maneno. Mimi nasema apewe. Wazee wetu waliunda majahazi yaliyofika Bara Hindi na Uarabuni bila ya karatasi ya mtu.

Baharia Mstaafu

Mwanangu wa Kiembesamaki, umenigusa pahala pabaya kwa kulitaja jahazi. Nimekulia pwani ya Nungwi majahazi yakizamishwa misumari na kupigwa kalafati, na nakuhakikishia kwamba hapana fundi aliyejipangia. Alipewa kipimo na aliyemfunza, naye huyo alikipokea kwa aliyemfunza yeye, na aliyejaribu kurefusha mlingoti kwa raghba yake alikemewa mbele ya watu. Isitoshe, jahazi likizidiwa hupunguza tanga na watu wakafua maji hadi wafike pwani. Bawa likikatika huna cha kupunguza.

Kisha mnazozana habari ya toroli na hapana aliyesema habari ya maji. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, lami inalala maji. Nakumbuka kuna hesabu ya watu wa NASA kwamba tairi linaelea juu ya maji ukifika mwendo wa mara 9 ya kipeuo cha pili cha upepo wake, upepo ukipimwa kwa paundi kwa inchi ya mraba. Tairi la paundi 25 linaelea kwenye maili 45 kwa saa, na la paundi 9, ambalo ndilo hilo laini analolitaka Fundi, kwenye maili 27. Laini linafaa mchanga na linafaa changarawe, lakini juu ya lami iliyorowa ni adui.

Binti Mkunazini

Mzee wangu, hesabu ni hiyo, ila maili zake ni za baharini, si za nchi kavu. Na 9 ni kwa gurudumu ambalo tayari linazunguka. Kwa gurudumu linaloshuka likiwa limesimama kizidisho ni 7.7, kwa hiyo tairi la paundi 9 linaanza kuelea kwenye 23 tu. Ndege ya ami Fundi inaishiwa nguvu ya bawa kwenye maili 30 za kawaida, ambazo ni 26 za baharini. Hapo ndipo penye hatari, kwani atagusa ardhi akiwa amekwishaupita mwendo wa kuelea, na breki hazitashika kitu mpaka apungue mwenyewe.

Mpemba wa Wete

Bado sijajibiwa. Bi amehesabu mizunguko, lakini hakuhesabu muda. Kinachoua tairi zaidi ni joto, na joto hutokana na kubonyea mara nyingi katika masafa marefu, khasa likiwa na upepo pungufu. Ndege nyepesi ikigusa ardhi hukimbia nusu dakika ikasimama, sasa hilo joto litatoka wapi? Mwenye kuhukumu kwa mizunguko peke yake anahukumu nusu ya jambo. Nami narudia kwamba neno "visiwani" halikuwa na haja ya kuwemo.

Binti Mkunazini

Joto si shida pekee, bwana Wete. Katika mguso ule tairi linazunguka ndani ya rimu kabla rimu halijaanza kuzunguka. Tyubu ikifuata tairi, vali inabaki kwenye tundu la rimu na kukatwa shingoni, na upepo wote unatoka wakati ndege bado inakimbia. Upepo ukiwa mdogo, mpira hauibani rimu sawasawa na hatari inazidi. Ndiyo maana mafundi wa ndege hupiga mstari mfupi wa rangi nyekundu unaoanzia ubavu wa tairi na kumalizikia kwenye rimu, na kila kabla ya kuruka huangalia kama nusu mbili za mstari bado zinatazamana. Ukiona zimeachana hata upana wa ukucha, unashusha gurudumu na kulifungua. Hayo nayasema kwa tairi la toroli, na nayasema vile vile kwa la inchi 26.

Fundi wa Mwera

Ndugu zangu, nimeuliza habari ya haki ya mwenye kuunda, nimejibiwa habari ya toroli ambalo sikulitaja. Mzee Baharia ananiambia lami inarowa, nami nilieleza tangu mwanzo kwamba nakusudia udongo na changarawe. Na Bi Mkunazini amenifanya kama mtu asiyejua kuwa ndege ikiinamishwa inaongeza mwendo. Nalijua hilo. Ninachosema ni kwamba mbunifu aliandika namba moja kwa kila atakayeunda, mzuri na mbaya, na kazi yangu mimi imepimwa ribiti kwa ribiti. Aliyeunda vizuri akibanwa kwa namba ya aliyeunda vibaya, hiyo si haki.

Kijana wa Kiembesamaki

Ami, mimi niko upande wako katika haki, lakini katika namba siko nawe. Ribiti nzuri zinalinda dhidi ya mzigo, hazizuii mpapatiko, kwa sababu mpapatiko unafuata uzito ulivyogawika na ugumu wa bawa. Mwezi wa Aprili 2009 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliitaka mamlaka ya anga ya nchi hiyo isimamishe ndege za CH 601 XL, za mbunifu wako huyo huyo, baada ya kadhaa kuvunjika zikiwa hewani, na mpapatiko wa vibawa ndio ulioshukiwa. Marekebisho yaliyotolewa mwaka huo huo yalikuwa na uimarishaji wa bawa na pia vizito vya kusawazisha vibawa. Miongoni mwa waliokuwa wakiziruka hawakukosekana waliounda kwa uangalifu kama wako.

Tena mpapatiko hauangalii kipima mwendo kinasema nini, unafuata mwendo halisi ndani ya hewa. Van's Aircraft, wanaouza ndege za kujiundia, wanaandika mwendo usiopitwa wa ndege zao kwa mwendo halisi kwa sababu hiyo. Kwenye futi 3,000 kipimio kikisoma 110 uko kwenye 115, na joto letu linaongeza. Kwenye futi 10,000 uko kwenye 128.

Ama matairi, ukitoka kipenyo cha inchi 17.5 kwenda 26 kwa breki zile zile, nguvu ya kushika ardhi inapungua kwa theluthi. Na ndege yako ina gurudumu la mbele, kwa hiyo ukiyanyanyua ya nyuma peke yake pua inainama na rafadha inaikaribia changarawe hiyo hiyo unayoikusudia.

Baharia Mstaafu

Fundi, udongo wetu mwekundu ukirowa ni mbaya kuliko lami. Na changarawe yetu ni jiwe la matumbawe, linachana ubavu mwembamba wa tairi laini kwa ukali wake. Nani alikwambia utachagua siku ya kushuka? Kusi likikufungia Unguja na mafuta yamebaki kidogo, utashuka popote palipo wazi.

Mpemba wa Wete

Mzee amesema kweli kuhusu jiwe la matumbawe, na hapo ndipo tairi nene la tabaka nyingi linapolishinda la inchi 26, liwe limetoka duka lolote. Nina gurudumu moja hapa karakana, la ndege ya kiti kimoja, lina mstari wa rangi aliousema Bi, na mstari haujaachana. Ubavuni limeandikwa ukubwa, tabaka 4 na mzigo. Mwendo haukuandikwa. Bi Mkunazini, nakuuliza mbele ya wote: mzigo umo, tabaka zimo, mstari umesimama, je, hilo ni la toroli au si la toroli?

Binti Mkunazini

Niandikie mzigo ni kilo ngapi, na uzito wa ndege ikiwa na rubani na mafuta, kisha utie upepo ulioandikwa ubavuni na ulipime tena kesho yake saa hiyo hiyo. Likiwa limepoteza zaidi ya sehemu tano kwa mia, lisirudi kwenye ndege mpaka ulifungue na ujue upepo unatokea wapi.