Naomba ushauri: mpwa wangu kalia mawindoni, na mbwa haachii sungura

Wakuu, habari zenu. Jumamosi alfajiri nilitoka na mbwa wangu watatu kuwinda sungura, nikamchukua na mpwa wangu wa miaka 11 aliyenisumbua wiki nzima. (Kibali ninacho, tusianzie huko.)

Umande ulikuwa bado mzito, harufu ya sungura imekaa chini, na yule mbwa jike mzee hakuchelewa kumwibua sungura kichakani. Nikamwambia kijana tusimame palepale, maana sungura akifukuzwa huzunguka, na mara nyingi hurudi karibu na alipoibuliwa. Kweli, baada ya muda huyo anakuja, masikio kayalaza mgongoni. Kijana alitetemeka kwa furaha.

Shida ikaanza hapo. Mbwa mdogo, wa miezi 9, alimdaka, na sungura akapiga ule ukelele unaofanana na wa mtoto mchanga. Mpwa wangu akaziba masikio, akalia hadi nyumbani. Kosa ni langu, sikumwandaa kabisa. Na mbwa naye akang'ang'ania windo mpaka nyama ikaharibika.

Sasa jana kijana kaniuliza tunaenda tena lini! Nimpeleke, au nimwache akue kwanza? Mama yake hataki hata kusikia.

Na huyo mbwa, nimfundisheje kuachia bila kumpiga? Nimejaribu kumpa kipande cha nyama tubadilishane. Anakimeza, kisha anarudi kung'ata palepale. Mliowahi kulea mbwa wa namna hii mlianzia wapi?