Tupeane uzoefu: mwangwi kwenye simu za ofisi za intaneti, wewe uliumalizaje?

Mgebuka wa Bangwe
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, ofisi yetu inatoa mizigo bandarini, na nusu ya kazi ni simu: Bujumbura, Kalemie, Dar. Tangu tuhamie simu za intaneti, nikisema "haloo", haloo yangu inanirudia sikioni kama niko pangoni. Bosi akasema ni intaneti ndogo, akaongeza kifurushi. Bili imepanda, mwangwi uko palepale. Mliopitia haya, ilikuwaje na mliponaje? Nataka yaliyowakuta, siyo ya kukariri.

FundiNyaya
Mkuu, kabla hamjaongeza kifurushi kingine: anayesikia mwangwi ndiye mwathirika, kosa liko upande wa pili. Sauti yako imefika kule, ikagonga kitu, ikarudi. Kwa hiyo kubadilisha simu ya mezani kwako ni kumpa dawa asiyeumwa.

Mimi ilinikuta nyumba ya wageni moja Mwanga. Mapokezi kupiga chumbani, safi. Kupiga nje, mwangwi. Nikahangaika na ruta siku mbili, nikabadilisha switchi, nikabadilisha hadi waya, na mwenye nyumba ananiangalia tu. Siku ya tatu ndipo nikaona kwamba simu zenye mwangwi ni zile tu zinazotokea kwenye laini ya zamani ya shaba, kupitia kile kiboksi cha getiwei, kinachounganisha simu za intaneti na laini hiyo. Laini ya shaba ina nyaya mbili, na maneno ya kwenda na ya kuja yanapita humo humo. Kwenye intaneti kila upande una njia yake. Pale njia mbili zinapounganishwa kuwa moja, getiwei na laini zisipolingana ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme wa sauti, hupimwa kwa omu), sehemu ya sauti inadunda na kurudi kwa aliyeituma. Getiwei ile ilikuwa imewekwa omu 600 kama ilivyotoka kiwandani, laini yenyewe ni ya aina nyingine. Tena aliyeifunga alikuwa amepandisha sauti ili "wasikike vizuri", na kifuta mwangwi kakizima.

Nikashusha sauti desibeli 3 kwenda na 3 kurudi, nikajaribu mipangilio ya ukinzani mmoja mmoja hadi nikapata uliotulia, nikawasha kifuta mwangwi kwenye milisekunde 128, yaani muda ambao kinasubiri mwangwi urudi ili kiufute. Kikapona. Ukipandisha sauti mno inakwaruza, na kifuta mwangwi hakiwezi kufuta sauti iliyokwaruza, kwa sababu haifanani tena na ile iliyotoka.

Angalizo: kabati la getiwei liko ofisini kwako, ila kwa simu yako hapo ndipo upande wa pili unapoanzia. Wengi tunapotelea hapo.

Reli ya Kati
Maneno mengi. Badilisheni kampuni ya intaneti, basi.

Dada Mapokezi, Isevya
Shikamooni wakubwa. Sisi Tabora mwangwi ulikuwa na mwenyewe: bosi. Kila aliyempigia alijisikia anaongea mara mbili. Bosi naye hasikii kitu, simu kwake ni safi kabisa, kwa hiyo kwake sisi wote waongo. Mzee mmoja mteja wetu wa asali alikuwa akipiga ananiambia, "Mwanangu, niunganishe na mtu mwingine, huyo ananiigiza."

Kumbe bosi haukamati mkonga wa simu hata siku moja. Ni spika tu, sauti hadi mwisho, anazunguka chumbani. Na chumba kipya hicho: vigae chini, vioo dirishani, hakuna pazia wala kapeti. Spika inatoa, ukuta unarudisha, maikrofoni inaokota. Nilimpigia kwa simu yangu nikiwa nje, nikairekodi, nikamsikilizisha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hii ni sauti yako?" Wiki ile ile mapazia yakanunuliwa. Spika hajaacha, ila anaishusha nusu, na siku hizi wateja hawalalamiki.

Asali Mbichi
Kwetu hedseti za bei ya chini. Sponji nyembamba, sauti inavuja hadi kwenye maikrofoni. Tulibadilisha tatu, ikaisha.

Mzee wa Kasulu
Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi tukitumia dishi la setilaiti. Ile iko kama kilomita 36,000 juu, sauti kupanda na kushuka ni robo sekunde. Mwangwi ukija unakuja baada ya nusu sekunde, sentensi yako ya kwanza inakukuta uko ya pili. Tukaishia kuongea kama askari wa redio, ukimaliza unasema "nimemaliza".

Tulichojifunza kwa tabu: kifuta mwangwi kinakaa karibu na pale sauti inapodundia. Kijana wetu wa kompyuta alikipandisha cha kwetu hadi mwisho akidhani kitafuta safari nzima ya angani. Hakikufuta kitu. Wakarekebisha wenzetu Dar kwenye mtambo wao, tukapona.

FundiNyaya
Mzee umemaliza. Na Reli ya Kati nisimwonee, ana robo ya haki. Laini za zamani mwangwi ulikuwepo ila ulirudi upesi mno, sikio likaona ni sauti yako tu. Ukizidi kama milisekunde 25 au 30 ndipo unaanza kukera. Intaneti inakata sauti vipande vidogo, yaani pakiti, mara nyingi za milisekunde 20, zinasubiriana njiani, na mwangwi uliojificha unajitokeza. Ofisi moja hapa ulikuwa unaanza saa kumi jioni kamili: saa ambayo kamera za ulinzi zinapakia picha mtandaoni na foleni inajaa. Tuliipa sauti kipaumbele kwenye ruta, ukapungua. Haukuisha, maana chanzo kilikuwa getiwei. Mgebuka, pima hivi: piga simu ya ndani, kisha ya mkononi, kisha laini ya shaba, utuambie.

Mgebuka wa Bangwe
Nimepima leo asubuhi. Za ndani, safi. Za mkononi, safi, isipokuwa mteja mmoja wa Kalemie. Nikamuuliza kaka uko wapi, kumbe simu ameiweka spika juu ya gunia, anahesabu mzigo. Nikamwomba aishike mkononi, mwangwi ukakata hapo hapo. Miezi minne nimemlaumu bosi kwa ajili ya gunia.

Laini ya shaba ndiyo yenye mwangwi wa kweli, kila namba. Getiwei nimeiona kabatini, vumbi tupu. Nenosiri lake analo aliyeifunga, na tangu saa nne nampigia hapokei.