Naomba ushauri: majina ya watu yaandikweje katika katalogi ya nyaraka ya kielektroniki?

Mhifadhi wa Tabora:
Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaandaa katalogi ya kielektroniki ya barua na hati za zamani hapa Tabora, na kinachonikwamisha ni majina. Kanuni tulizofundishwa zinataka jina la ukoo litangulie, kisha koma na jina la kwanza, jambo lisilo na taabu kwa «Livingstone, David, 1813–1873». Lakini Hamisi Juma Athumani hana jina la ukoo, kwa kuwa Juma ni baba yake na Athumani ni babu yake, na nikiandika «Athumani, Hamisi Juma» nitakuwa nimemficha mjukuu nyuma ya babu, mahali ambapo jamaa zake hawatamtafuta. Tena mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyefariki mwaka 1893, hati za Kijerumani humwita «Siki». Nishike lipi?

Msomaji wa Ujiji:
Ndugu mleta mada, usimgeuze Hamisi. Mwandike kwa mpangilio anaotajwa nao kwao. Kiwango cha ISAAR(CPF) cha Baraza la Kimataifa la Nyaraka, yaani mwongozo wa kuandika majina ya watu, familia na taasisi katika nyaraka, toleo la pili la mwaka 2004, kinatenganisha jina moja lililoidhinishwa na majina mengine ya mtu huyohuyo. Kwa hiyo «Isike» liwe jina kuu, na «Siki» liingie katika sehemu ya majina mbadala, ili anayetafuta kwa lolote kati ya hayo afike kwenye faili lilelile. Ndivyo ilivyo kwa Tippu Tip: Hamed bin Muhammad el Murjebi linabaki mbadala, maana wageni wengi hawalijui. Neno «bin» lisianze kamwe, la sivyo nusu ya Ujiji itapangwa chini ya herufi B.

Karani Mstaafu:
Naafiki kwa sehemu tu. Nyerere lilikuwa jina la baba yake Mwalimu, lakini ni nani atakayemtafuta kwa «Julius», hata hapo Tabora alikosoma na kufundisha? Kigezo kiwe jina ambalo mhusika alijulikana nalo hadharani, si nasaba peke yake.

Mhifadhi wa Tabora:
Nashukuru, wakuu. Je, tahajia ya zamani ndani ya hati niisahihishe?

Msomaji wa Ujiji:
Hapana. Unaponukuu, acha «Udjidji» na «Unjanjembe» kama Wajerumani walivyoandika, kisha weka Ujiji na Unyanyembe katika sehemu ya kutafutia. Kompyuta hulinganisha herufi, haisikii matamshi. Kwake Hamisi na Khamis ni watu wawili, na Mohamedi na Muhammad vilevile.

Karani Mstaafu:
Wakitokea watu wawili wenye jina moja, ongeza mwaka, cheo au makazi yaliyotajwa katika hati, wala usikisie mwaka wa kuzaliwa. Na kama programu yako haina sehemu ya majina mbadala, yaandike katika safu ya maelezo, baada ya kuhakikisha kwamba utafutaji unaifikia safu hiyo. Katika baadhi ya programu hauifikii mpaka uiwezeshe mwenyewe.