Malalamiko: Wauzaji wa magari madogo ya Kimarekani ya bei nafuu wanatuuzia mbuzi kwenye gunia

Wanajukwaa, salaam. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitajifanya kwamba sina. Kwa muda mrefu sasa natafuta gari dogo la Kimarekani lililotumika, hapa hapa Marekani, la kwendea kazini na kurudi, lisilozidi dola 4,000, na karibu kila tangazo ninalolifungua limeandikwa kana kwamba mnunuzi hana haki ya kujua anachonunua. Utawekewa picha za rangi inayong'aa, picha ya magurudumu, maneno "linatembea vizuri, halina tatizo lolote", kisha bei. Injini ni ya lita ngapi? Hakuna jibu. Gia ni za mkono au otomatiki? Hakuna jibu. Namba ya chesisi imezibwa kwa kidole. Ukiuliza kwa adabu unaambiwa uje ulione tu, kwa maana kuna wengine wawili wako njiani.

Kinachonikera ni kwamba katika magari ya kundi hili jina la gari peke yake halisemi kitu. Mwaka, injini na gia ndivyo vinavyosema, na ndivyo vinavyofichwa. Chukueni Ford Focus, ambayo iliuzwa nchini humu kuanzia toleo la 2000 hadi la 2018. Matoleo ya mwanzo yenye injini ya lita 2.0 ya kemshafti moja (kemshafti ni mhimili unaofungua vali) yanajulikana kwa mafundi kwa ugonjwa wa kiti cha vali, yaani pete ambayo vali hukaa juu yake, kung'oka kwenye silinda hedi na kudondokea ndani ya silinda, na pistoni ikishakigonga, injini hiyo ni ya kupimwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Miaka hiyo hiyo, bodi ile ile, kulikuwa na Focus zenye injini ya Zetec ya kemshafti mbili ambazo hazina maradhi hayo. Nimemwuliza muuzaji mmoja gari lake ni la injini ipi kati ya hizo mbili, akanijibu kwamba ni "ile nzuri". Nikamwomba afungue boneti na kunitumia picha, akanizuia nisimwandikie tena.

Sasa sogeeni mbele. Focus za 2008 hadi 2011 si nzuri kwa macho, na ndani zina plastiki ngumu ambayo hata mimi sikuipenda, lakini injini yake ya Duratec inazungusha kemshafti kwa cheni badala ya mkanda unaohitaji kubadilishwa, na otomatiki yake ya gia nne ni ya mtindo wa zamani ambao fundi yeyote wa giaboksi anaufahamu. Mwaka 2012 likaja gari jipya kabisa kwa sura, la kupendeza, na chini yake wakaweka otomatiki ya klachi mbili kavu iliyoitwa PowerShift. Gia hiyo ilitetemeka wakati wa kuondoka, ilisitasita, iliteleza, na kompyuta inayoiongoza nayo ilikuwa ikifa. Ford ililazimika kurefusha dhamana ya sehemu hizo, na kesi ya pamoja ya wamiliki iliyohusu Focus za 2012 hadi 2016 na Fiesta za 2011 hadi 2016 ikaishia katika maafikiano yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2020. Mambo haya yako wazi. Hata hivyo tangazo la Focus ya 2013 otomatiki linasema tu kwamba gari ni "jipya kuliko mengine ya bei hii", na mnunuzi asiye na habari anaona amepata bahati kwa sababu amepita miaka mitatu mbele ya ile ya 2010. Ile dhamana iliyorefushwa ilikuwa na ukomo wa miaka na maili. Kwa kompyuta ya gia ilikuwa miaka 10 au maili 150,000, kwa hiyo gari la 2013 limekwishatoka humo, na gharama yote ni ya mnunuzi. Focus hiyo hiyo ikiwa na gia za mkono haina balaa hili hata kidogo, na kwa mtu anayejua kukanyaga klachi inaweza kuwa ununuzi wa maana sana. Tofauti kubwa kiasi hicho inaelezwa kwa maneno mawili tu, na wauzaji hawataki kuyaandika.

Tena wapo wajanja wa kupanga majaribio. Gari lenye gia ya aina ile huonyesha ugonjwa wake kwenye foleni, unapoondoka taratibu, unasimama, unaondoka tena, hasa baada ya kupata moto. Muuzaji anayejua hilo anakupeleka moja kwa moja kwenye barabara kuu, mnakimbia kwa mwendo mmoja, gari linateleza kama siagi, mnarudi. Nilipomwambia mmoja wao kwamba nataka tuzunguke mitaani kwa mwendo wa pole kwa nusu saa, akasema mafuta yake si ya mchezo. Nikamwambia nitalipia mafuta. Ghafla akakumbuka kwamba ana miadi.

Jambo la namba ya chesisi naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu, kwa sababu hapo pana hatari ya maisha. Chevrolet Cobalt, iliyouzwa kuanzia toleo la 2005 hadi la 2010, ni gari la bei ya chini na injini yake ya lita 2.2 ya Ecotec si mbaya. Ina cheni, na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi. Lakini mwaka 2014 General Motors, kampuni inayounda Chevrolet, iliyaita magari kama milioni 2.6 yarudishwe kwa mawakala wake kurekebishwa (huo ndio ninaouita wito), Cobalt ikiwa miongoni mwao pamoja na Saturn Ion, Pontiac G5 na Chevrolet HHR, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu. Ufunguo ukivutwa na uzito wa funguo nyingine, au gari likipigwa na shimo barabarani, swichi iliweza kurudi nyuma yenyewe. Injini ikazimika gari likiwa mwendoni, stelingi ikawa nzito, na mifuko ya hewa isifunguke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na wakili Kenneth Feinberg ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 900 katika makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Cobalt na G5 zilikwishaitwa kwa sababu ya mota ya umeme ya stelingi.

Matengenezo ya wito wa namna hiyo hufanywa bure kwa wakala wa kampuni, na mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, kwenye ukurasa wa shirika la usalama barabarani, NHTSA, akaona kama gari hilo lilifanyiwa kazi au halikufanyiwa. Lakini sheria ya serikali kuu haimkatazi muuzaji wa magari yaliyotumika kukuuzia gari ambalo wito wake bado uko wazi. Makampuni makubwa ya kukodisha magari yamekatazwa kulikodisha gari la namna hiyo, ila sisi wanunuzi wa magari ya dola 3,000 tumeachiwa tujiangalie wenyewe. Basi mtu anapoziba namba ya chesisi kwenye picha ya Cobalt ya 2006, nami nikimwuliza kama swichi ilibadilishwa anibeze kwamba "unataka gari au unataka historia", mnataka nimfikirieje?

Najua kuna watakaoniandikia hapa chini: "Nunua Toyota uache kelele." Nanyi pia namlalamikia kila mmoja wenu, kwa heshima. Kwanza, Toyota ya bei hiyo mara nyingi imekwishatumika mpaka ikachoka, kwa kuwa jina lake linaiongezea bei hata inapokuwa imekufa nusu. Pili, baadhi ya magari yenye nembo ya Kimarekani ni Toyota chini ya ngozi. Prizm, iliyoitwa Geo hadi 1997 na Chevrolet kuanzia 1998 hadi 2002, ilitengenezwa pamoja na Corolla katika kiwanda cha ubia cha NUMMI huko Fremont, California, na Pontiac Vibe ya 2003 hadi 2010 ni ndugu wa Toyota Matrix. Zina mambo yake ya kuangaliwa: Prizm za 1998 na kuendelea zina injini ya lita 1.8 inayojulikana kwa kunywa oili ikizeeka, na Vibe za mwanzo zimo katika wito wa mifuko ya hewa ya Takata. Lakini ni magari ya kuaminika, na nembo yake ndiyo inayoyafanya yapuuzwe. Yupo muuzaji wa yadi aliyenihakikishia, mkono ukiwa kifuani, kwamba "Pontiac zote ni Toyota", huku akinisukumia G5, yaani Cobalt yenye taa nyingine. Mtu huyo ama hajui bidhaa anayoiuza, ama anajua sana.

Kuhusu Dodge Neon sitasema mengi. Zile za mwanzo zilipasua gasketi ya silinda hedi mpaka kampuni ikabadilisha aina ya gasketi, na mkanda wa taimingi wa injini ya kemshafti moja ukikatika, vali na pistoni vinakutana. Kwa hiyo swali la lini mkanda ulibadilishwa si la ushambenga. Jibu la "hivi karibuni" bila risiti ni sawa na hapana. Saturn za S, za 1991 hadi 2002, zina milango na mabawa ya plastiki ambayo hayashiki kutu, na katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kama Michigan na Ohio, jambo hilo limegeuzwa kuwa njia ya kudanganyia watu, kwa kuwa pembeni gari linaonekana limetunzwa wakati vyuma vya chini vimeliwa. Injini yake ya lita 1.9 inaunguza oili. Si kasoro ya kuikimbia ikiwa mwenye gari alikuwa akiongeza, lakini nikichomoa kijiti cha oili kikatoka kikavu, nisiambiwe kwamba oili imeshuka kwa sababu gari limeegeshwa kwenye mteremko.

Halafu kuna hila mbili za siku ya kuangalia gari. Ya kwanza ni kukukuta injini imekwishapashwa moto. Unafika, unagusa boneti, ni ya moto, na mwenyewe anasema alikuwa ametoka dukani. Injini baridi ndiyo inayosema ukweli: moshi wa buluu wa oili, mlio wa cheni iliyolegea, moshi mweupe usioisha wa maji yanayoingia kwenye silinda, otomatiki inayochelewa kushika gia ya nyuma. Ya pili ni kufuta taa ya injini. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 1996 yana tundu la uchunguzi la OBD-II, na kisomaji cha bei ndogo kinatosha. Wauzaji wanakijua, kwa hiyo wanafuta makosa asubuhi ile ile na taa inazimika. Wasichojua wengi wao ni kwamba kufuta kunafuta pia majaribio ya ndani ya kompyuta, nayo huchukua mwendo wa kutosha kukamilika tena. Kisomaji kikionyesha kwamba karibu majaribio yote hayajakamilika, basi ama betri ilichomolewa juzi ama mtu amefuta kitu. Nilipomwonyesha muuzaji mmoja jambo hilo kwenye skrini, alikasirika yeye.

Na zile maili. "Maili 89,000 halisi," limeandikwa tangazo la gari la 2007. Magari ya toleo la 2010 na kurudi nyuma hayabanwi tena na sheria ya serikali kuu inayomtaka muuzaji atamke na kutia saini idadi ya maili anapohamisha umiliki. Yale ya 2011 na kuendelea yanabanwa kwa miaka 20. Kwa hiyo namba hiyo kwenye gari la 2007 inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa hadithi, na kinachoithibitisha ni risiti za matengenezo na kumbukumbu za ukaguzi. Neno "halisi" halina saini nyuma yake. Risiti nikiomba, zimepotea wakati wa kuhama nyumba. Inashangaza jinsi wauza magari wanavyohamahama.

Kundi linaloniudhi zaidi ni madalali wanaojifanya watu binafsi. Anayeuza zaidi ya magari matano katika miezi 12 ni mfanyabiashara kwa mujibu wa kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, na katika karibu majimbo yote anatakiwa kubandika dirishani karatasi ya mnunuzi inayosema wazi kama kuna dhamana au gari linauzwa kama lilivyo. Yeye hataki karatasi hiyo, kwa hiyo kila mara anauza "gari la mjomba". Hati ya umiliki haina jina lake, mjomba hapatikani, na ukuta wa nyuma kwenye picha ni ule ule kwa Focus, kwa Cobalt na kwa Neon. Wako pia wanaomdanganya mnunuzi kwamba akilichukua gari ana siku tatu za kulirudisha. Hakuna sheria ya serikali kuu inayotoa haki hiyo kwa gari ulilolifuata mwenyewe yadini kwa muuzaji. Ukitaka siku tatu, ziandikwe kwenye mkataba.

Bado nanunua. Nataka Focus ya 2008 hadi 2011, ya gia yoyote, au ya 2012 na kuendelea ikiwa ni ya gia za mkono tu, au Vibe ambayo wito wake umekwishafanyiwa kazi. Mwenye nayo aweke hapa namba ya chesisi yote 17, picha ya kijiti cha oili, picha ya chini ya gari, na jina lililo kwenye hati lifanane na lake. Nitakuja asubuhi na fundi wangu, injini niikute baridi. Atakayeniambia kuna wengine wawili njiani, awauzie hao.