Naombeni ushauri: intavyu ya Risepsheni shule ya kimataifa na mtoto anaongea Kiswahili tu

MamaShani_Tabata

Habarini wapendwa, naombeni mwenye uzoefu anisaidie maana kichwa kimejaa. Binti yangu anatimiza miaka mitano mwezi wa 11, tumemuombea nafasi ya Risepsheni (lile darasa la kuanzia kabla ya la kwanza) shule moja ya kimataifa hapa Dar, zile za mtaala wa Uingereza, muhula unaanza mwezi wa 8. Kazini kwa baba yake wamekubali kuchangia ada ndo maana tukasema tujaribu, bila hivyo wala tusingewaza. Sasa shule wametuma imeili tumpeleke intavyu mwezi ujao, yeye ataingia na mwalimu bila sisi na sisi tutaongea na mkuu wa shule.

Shida yangu ni kwamba anaongea Kiswahili tu. Na anakiongea kwelikweli, akianza kukusimulia habari za paka wa jirani hamalizi leo, maana amelelewa na bibi yake mzaa baba ambaye tunaishi naye. Chekechea anayosoma hapa mtaani kingereza wanachofundishwa ni cha kuimba, rangi na siku za wiki. Halafu akikutana na mtu asiyemjua ananing'ang'ania gauni hataki kuniachia.

Kwenye grupu la WhatsApp la wazazi watu wanatumiana maswali eti ndo yanayotokaga, kuna na dada anauza pakeji ya tuisheni ya intavyu anakuja nyumbani kila jioni. Baba yake anasema tuanze kuongea kingereza tu ndani ya nyumba kuanzia sasa, sasa bibi hajui kingereza, ina maana asiongee na mjukuu wake? Naombeni mnisaidie, mtoto anaangaliwa nini hasa huko ndani, na huu mwezi mmoja niutumieje bila kumchosha. Asanteni.

Kaka_wa_Mbezi

Pole dada na hongera pia. Wangu wawili wamepita huko. Mi nakushauri usimkaririshe hayo majibu ya kwenye grupu. Kuna mtoto wa rafiki yangu alikaririshwa mwezi mzima, siku ya siku mwalimu akamfungulia kitabu akamuonyesha picha ya mtoto kaanguka na baiskeli akamuuliza nini kimetokea, dogo akajibu kwa sauti kubwa jina lake, umri wake na kwamba anapenda shule. Mwalimu akauliza tena, akajibu vilevile. Yule mtoto ana akili sana ukikaa naye, ila alishafundishwa kwamba kila swali lina jibu lake moja la kutoa, basi akawa anayatoa kwa mpangilio. Inaumiza kuona.

ticha_wa_wadogo

Mama Shani shikamoo ya bibi hapo nyumbani ifike kwanza, maana huyo bibi ndo msaada wako mkubwa kwenye hili na nitakueleza kwa nini.

Nafundisha madarasa ya chini shule za namna hiyo na huwa nakaa kwenye hizi intavyu upande wa walimu. Kwa umri wa mwanao sio mtihani wa kufaulu na kufeli kama wa darasa la saba. Shule nyingi zinawaingiza watoto wachache kwa pamoja darasani, mwalimu mmoja anacheza nao, mwingine yuko pembeni anaandika. Kuna pazo, kuna udongo wa kuchezea, kuna mkasi na karatasi, kuna vitabu vya picha. Tunachotaka kujua ni huyu mtoto akiingia kwenye darasa letu mwezi wa 8 atahitaji msaada gani na tunao huo msaada au hatunao.

Nikupe mfano wa hesabu. Watoto wengi wanaletwa wanahesabu mpaka ishirini, wengine mpaka hamsini, mzazi anafurahi. Mimi namwagia vifuniko vya soda saba mezani namwambia nihesabie. Hapo utaona kidole kinakimbia kuliko mdomo, kifuniko kimoja kinaguswa mara mbili, kingine kinarukwa, mtoto anafika kumi na mbili na vifuniko ni saba. Halafu namwambia nipe vitano, ananisukumia vyote. Sasa mwingine anahesabu mpaka kumi tu, lakini ukimwambia nipe vitano anavisogeza kimojakimoja, anasimama kwenye cha tano, anakuangalia usoni. Huyo wa pili ndo anajua hesabu. Na hili halihitaji kingereza wala tuisheni, mwambie aweke vijiko mezani kwa idadi ya watu wanaokula, kila siku.

Vitu vingine tunavyoangalia: akipewa maelekezo mawili kwa mpigo anayashika? Yaani chukua penseli nyekundu halafu kaiweke chini ya kiti. Akiambiwa ajichore anachora nini, kuna kichwa na macho na miguu au ni mistari tu, na penseli anaishika kwa vidole au kwa ngumi. Anaweza kusubiri zamu yake mwenzake akiwa na kitu anachokitaka? Akisomewa hadithi anatulia, na ukisimama katikati ukamuuliza unadhani itakuwaje, anajaribu kuwaza? Anaenda chooni mwenyewe na kunawa?

Ndo nikasema bibi. Mwache akae naye wachambue maharage, wamenye karanga, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mnachelewa, hivyo vidole vikipata nguvu penseli itakaa sawa bila kumlazimisha kuandika herufi kurasa nzima. Jioni bibi ampigie paukwa pakawa, amtegee vitendawili. Mtoto anayeambiwa nyumba yangu haina mlango akakaa kimya akawaza mpaka akasema yai, huyo anafanya kazi ileile tunayoitafuta sisi kwenye kitabu cha picha. Lugha ya kuwazia anayo tayari, na ameipata kwa bibi.

Kuhusu kingereza, Risepsheni tunapokea watoto wa Kikorea, wa Kifaransa, wa Kihindi ambao hawajui neno. Mtoto anayeingia lugha mpya anaweza kukaa kimya wiki kadhaa hata miezi, anasikiliza tu, halafu siku moja anaanza. Ni kawaida kabisa na walimu wanaijua hali hiyo. Kinachotupa wasiwasi ni mtoto ambaye hana lugha yoyote iliyokamilika, Kiswahili kidogo cha dada, kingereza kidogo cha katuni za YouTube, ukimuuliza kwa lugha yoyote hawezi kukusimulia tukio kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sasa wewe unaniambia binti anasimulia habari za paka mpaka giza linaingia halafu baba yake anataka kumnyamazisha? Hapana jamani. Hata hao IB (International Baccalaureate, shirika la mitaala ya kimataifa) wenye ule mtaala wa PYP wa watoto wa miaka 3 mpaka 12 wanahimiza shule zilinde lugha ya nyumbani ya mtoto.

Mfundishe maneno machache ya kumuokoa: kuomba choo, kuomba maji, kusema hajaelewa, na jina lake. Basi. Hiyo hela ya pakeji nunua vitabu vya picha.

Mzee_Kinyerezi

Ticha nimekusoma na nakuheshimu ila tusimdanganye mama wa watu. Kingereza kinahitajika. Mimi mwanangu alihamia darasa la tatu akitokea shule ya serikali, wakampa kusoma kifungu, kuandika insha na hesabu za maneno, zote kingereza, hesabu alikuwa anaziweza ila swali lenyewe haelewi linataka nini. Wakasema arudi mwaka unaofuata. Kwa hiyo mama asije akakaa akasema Kiswahili kinatosha.

ticha_wa_wadogo

Mzee wangu uko sahihi kwa darasa la tatu, huko sikatai. Kadri mtoto anavyokuwa mkubwa ndo lugha inavyokuwa na uzito maana masomo yenyewe yanakuwa ndani ya maandishi. Ila huyu ni wa Risepsheni, ana miaka minne na nusu, miaka mitatu ya kujifunza iko mbele yake kabla hajafika hapo alipokwama mwanao. Mama Shani ukienda kuongea na mkuu uliza hivi: mna mwalimu wa kusaidia watoto ambao kingereza si lugha yao ya kwanza? Anawatoa darasani au anakaa nao humohumo? Na hilo lipo ndani ya ada au linalipiwa pembeni? Kuna shule zinatoza tofauti na mzazi anakuja kushtuka kwenye invoisi.

UmmKheri_Msa

Salaam kutoka Mombasa dadangu. Mimi nataka kuzungumzia hapo pa kukung'ang'ania gauni kwa sababu mwanangu alikuwa hivyo hivyo na sisi tulikuwa twaomba Aga Khan Academy hapa, ambayo yafuata PYP. Mtoto hakatai mwalimu, akataa kuachwa ghafla. Mimi nilianza kumuacha kwa mamdogo wake saa moja, kisha nyumba ya jirani mwenye watoto, kisha madrasa bila mimi kukaa barazani. Kila mara namwambia naenda wapi na narudi baada ya nini, mathalan narudi mukishamaliza kula. Na nikisema narudi, narudi. Usitoroke wakati amegeuka, wengi wafanya hivyo wakidhani wamsaidia mtoto asilie, lakini siku ya pili atakushika zaidi kwa kuwa hajui utapotea saa ngapi.

Na siku yenyewe akilia, mwachie mwalimu. Usirudi mlangoni kuchungulia, akikuona tu yaanza upya.

Arusha_mwenzenu

Niongezee upande wa wazazi maana watu wanasahau kwamba na nyie mnafanyiwa intavyu. Mimi niliulizwa mtoto akikosea nyumbani tunafanyaje, analala saa ngapi, anatumia simu kiasi gani, ana shida yoyote ya kusikia au kuongea tuliyowahi kuiona. Hilo la mwisho semeni ukweli wote. Kuna wazazi wanaficha kwamba mtoto alichelewa kuongea au anafanyiwa tiba ya usemi wakidhani atakataliwa, anaingia, shule haijajiandaa, muhula wa kwanza mtoto anaonekana mkorofi kumbe hasikii vizuri sikio moja. Anayepata tabu ni mtoto.

Muwe mmekubaliana kabla. Sio baba anasema tunataka aje kusoma Uingereza, mama anasema tunataka tu acheze. Na waulize na nyie maswali, darasa lina watoto wangapi, walimu wasaidizi wangapi, Kiswahili kinafundishwa mara ngapi kwa wiki. Karatasi pia andaeni mapema, cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki yenye chanjo, picha ndogo, ripoti ya chekechea. Cheti kama jina limekosewa herufi anzeni kurekebisha leo maana hilo halina haraka ya mtu. Na ile hela ya fomu ya maombi kwa kawaida hairudishwi, kwa hiyo usiombe shule nyingi kwa mkupuo kabla hujazitembelea.

Kaka_wa_Mbezi

Na umri. Uingereza mtoto anaanza Risepsheni mwezi wa 9 baada ya kutimiza miaka minne, na mpaka wao ni tarehe 31 Agosti, kwa hiyo wa mwezi wa 11 atakuwa miongoni mwa wakubwa darasani. Hiyo ni faida kubwa kwenye umri huu. Ila kila shule hapa ina tarehe yake, hakikisha na ofisi ya usajili wasije wakakwambia ni darasa lingine.

MamaShani_Tabata

Jamani nimesoma yote, nimemsomea na baba yake kwa sauti, Mungu awabariki. Kwenye hilo la kingereza tu nyumbani amekubali tuachane nalo. Nina maswali mawili ya mwisho. Nafasi waliyonipa ni saa nane mchana na huyu muda huo ndo usingizi wake, akikatishwa ni kilio mpaka magharibi, inaruhusiwa kuomba kubadilishiwa au nitaonekana msumbufu? Na nimwambie nini mtoto, kwamba anaenda kufanya nini?

ticha_wa_wadogo

Piga simu kesho asubuhi, sema mtoto analala mchana unaomba nafasi ya saa tatu au saa nne asubuhi. Ofisi za usajili zinapokea simu kama hizo kila wakati na hata sisi walimu tunapenda tumuone mtoto akiwa macho. Akiamka na homa au kikohozi kikali siku hiyo, piga uahirishe, usimpeleke hivyohivyo kwa kuogopa kupoteza nafasi.

Kumwambia, mwambie ukweli kwa kimo chake. Kesho tunaenda kuona shule, kuna mwalimu atacheza na wewe na watoto wengine, mimi na baba tutakuwa chumba kingine tunaongea na mwalimu mkuu, tukimaliza tunakuja kukuchukua. Usitaje neno kufaulu, wala usimwahidi zawadi akijibu vizuri, maana ataingia anaangalia uso wa mwalimu kutafuta kama amepatia badala ya kuangalia hicho anachoonyeshwa. Mkitoka usimhoji garini waliulizwa nini na alijibu nini, muulize tu kama alipata mtu wa kucheza naye.

Mvalishe nguo anayoweza kuivua na kuivaa mwenyewe akienda chooni. Watoto wanakuja na magauni ya harusi yenye zipu mgongoni na viatu vya kamba, anabanwa na haja, anashindwa, anaona aibu, na baada ya hapo hata udongo wa kuchezea hautaki tena. Bukta au sketi ya lastiki na sendozi za kubandika zinatosha.