Je, droni inaweza kushika nafasi ya mnara wa simu wakati wa maafa?

Mdau wa Uokoaji:
Ndugu wataalamu, inasemekana kwamba minara ya simu ikiangushwa na kimbunga, kituo kidogo cha mawasiliano kinaweza kufungwa kwenye droni ili simu za waathirika zipate mtandao. Lakini betri ya droni ndogo huisha kwa takriban nusu saa. Je, mpango huu una manufaa yoyote, na droni ipande juu kiasi gani?

Mhandisi wa Redio:
Kwa betri peke yake, manufaa ni machache. Ndiyo maana hutumika droni iliyofungwa kebo, ambayo hupandisha umeme kutoka kwenye jenereta na kupitisha data katika nyuzi za faiba, hivyo chombo kikaweza kukaa angani kwa saa nyingi. Baada ya Kimbunga Maria cha mwaka 2017, kampuni ya AT&T ilitumia droni ya aina hiyo huko Puerto Rico, iliyoundwa kuelea hadi takriban mita 60 juu ya ardhi.

Kuhusu kimo, kupanda zaidi si lazima kulete nafuu. Droni ikipanda, majengo na miti huacha kuziba mawimbi, lakini katika anga lililo wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu inayopokelewa hubaki robo tu. Isitoshe, simu ya mkononi kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi wati 0.2 hivi, kwa hiyo mara nyingi mpaka wa huduma huwekwa na mawimbi dhaifu ya simu, wala si nguvu ya kituo kilichoko juu.

Fundi wa Mitambo:
Naongezea jambo ambalo wauzaji wa droni hulipita harakaharaka: kituo hicho kinaunganishwa na nini? Faiba ya kebo inaishia kwenye gari lililoko chini, na kutoka hapo mara nyingi inabidi kutumia setilaiti ili kuufikia mtandao mkuu wa kampuni ya simu.

Mdau wa Uokoaji:
Ahsanteni. Na setilaiti ikikosekana, je, walioko eneo hilo hawawezi hata kupigiana wao kwa wao?

Fundi wa Mitambo:
Wanaweza, iwapo gari hilo limebeba mitambo midogo ya kuendeshea mtandao papo hapo. Tatizo ni kwamba funguo za siri za kuthibitisha laini za wateja zimehifadhiwa kwenye mitambo mikuu ya kampuni ya simu, na bila kuzifikia, mtandao huo hauwezi kuwatambua. Kwa waokoaji ni rahisi zaidi, kwani laini zao huweza kusajiliwa humo mapema.

Mhandisi wa Redio:
Msisahau kibali cha mamlaka ya anga. Helikopta za uokoaji huruka chini katika maeneo hayohayo, na kebo nyembamba ni vigumu kwa rubani kuiona.